Ombi la ushauri: watoto wanataka kurutubisha udongo wa bustani ya shule ili viumbe wadogo waje. Tupange vipi?

MwalimuBustani:
Wakuu, habarini. Wanafunzi 24 wa miaka 10 hadi 12 wanataka kujua ni kitu gani ukikiongeza kwenye udongo kinavuta viumbe wengi zaidi: nyungunyungu, jongoo, mbawakawa na wale wadogo kabisa. Eneo ni mita 6 kwa 4, udongo umekanyagwa hadi ukawa mgumu, na ubavu mmoja mrefu una kivuli cha mti. Tunafikiria matuta matatu: la kwanza libaki lilivyo, la pili liwekewe mboji, la tatu samadi ya ng'ombe pamoja na majani makavu. Tulime vizuri kwanza, kisha tuhesabu baada ya wiki mbili. Kasoro iko wapi? Vifaa vya maabara hatuna.

Jembe_Pembeni:
Mwalimu, wazo ni zuri ila mpango huo hautawajibu watoto. Tuta la tatu lina vitu viwili kwa mpigo, kwa hiyo wakija wengi hutajua wamefuata samadi au majani. Halafu kila kitu kina tuta moja tu. Tuta likiangukia chini ya mti litashinda kwa sababu ya kivuli na unyevu, na mboji itapewa sifa isiyo yake.

Gawa eneo hilo hivi: vipande 12 vya mita 1 kwa 1, safu tatu za vipande vinne, zikiwa sambamba na ule ubavu wa kivuli, na njia ya sentimita 50 katikati. Vinaenea sawasawa. Kila safu ipate aina zote nne, na nafasi zipangwe na watoto wenyewe kwa kura ya bahati nasibu:

A – hakiongezwi kitu.
B – mboji iliyoiva, ndoo moja ya lita 10, itandazwe juu. Inatoa unene wa sentimita 1.
C – matandazo ya majani makavu, unene wa sentimita 7.
D – wavu wa kivuli uliofungwa kwenye vigingi, sentimita 10 juu ya udongo, bila kuongeza chakula chochote.

Msiidharau D. Majani makavu ni chakula, lakini pia yanazuia jua na kutunza unyevu. Nyungunyungu anapumua kwa ngozi, ngozi ikikauka anakufa, kwa hiyo anaweza kuja kwa ajili ya ubaridi tu. C ikiwa na wengi na D ikabaki kama A, kuna sababu ya kuamini kwamba chakula kimefanya kazi. Zote mbili zikipanda pamoja, washukuni kivuli na unyevu.

Na msilime. Jembe linawakata nyungunyungu na kubomoa njia zao. Kwa kuwa udongo ni mgumu, chomeka uma wa bustani sentimita 15, utikise kidogo, uchomoe bila kugeuza udongo. Fanyeni hivyo vipande vyote 12, A ikiwemo. Maji pia yawe sawa: lita 10 kwa kila kipande mara mbili kwa wiki, mvua ikinyesha vya kutosha mnaacha.

Mtandazaji:
Naongezea kwenye muda. Wiki mbili zinatosha kwa wapitaji wa juu kama buibui, chungu na mbawakawa. Nyungunyungu wanahitaji wiki 12 au zaidi. Hesabuni siku ya kwanza kabla ya kuweka chochote, kisha wiki ya 6 na ya 12, wakati uleule wa siku.

Chimbeni shimo la sentimita 20 kwa 20, kina 20, mahali papya kila mara. Kwenye C, okoteni kwanza walio ndani ya majani na muwaandike peke yao. Udongo wote uwekwe juu ya shuka jeupe, watoto wawili wauchambue kwa dakika 15 zinazopimwa kwa saa, si zaidi, maana kundi lenye subira litapata wengi kuliko lenye haraka. Ndoo ziandikwe namba tu, anayechambua asijue ni ya kipande gani. Nyungunyungu aliyekatika ahesabiwe kwa kichwa. Mkubwa ana mkanda mnene uliovimba karibu na kichwa, mdogo hana, na mkipata wadogo wengi ujue wanazaliana pale. Idadi ya shimo zidisha kwa 25 upate ya mita moja ya mraba, kisha rudisheni udongo na wenyewe.

MwalimuBustani:
Asanteni sana. Samadi je? Na majivu, na kununua nyungunyungu wa kupanda?

Jembe_Pembeni:
Samadi mbichi hapana. Ina amonia inayowachoma, ikirundikwa inapata joto, na ina vijidudu vya kuharisha ambavyo mikono ya watoto itavibeba. Pia ng'ombe aliyetibiwa minyoo kwa ivamektini anaitoa kwenye mavi, nayo inaua wadudu wa mavi. Majivu mengi yanabadilisha asidi ya udongo ghafla, yaacheni. Nyungunyungu wa kununua wanaharibu swali lenyewe, kwa sababu mtahesabu mliowaleta. Tena wale wekundu wa mboji hawakai kwenye udongo wa kawaida usio na chakula kingi.

Kopo_na_Faneli:
Kwa wanaotembea juu, fukieni kikombe cha plastiki hadi ukingo uwe sawa kabisa na udongo. Ukichomoza hata milimita chache, mdudu anauzunguka na kwenda zake. Toboeni chini matundu madogo ya maji, funikeni kwa kigae kilichoinuliwa sentimita 2, wekeni majani machache ndani wajifiche. Kimoja kila kipande, usiku mmoja, mfungue asubuhi mapema, la sivyo tandu atakuwa amewala wenzake. Tandu anauma na jongoo anatoa majimaji yanayowasha macho, kwa hiyo tumieni kijiko, si vidole.

Wale wadogo kabisa wanahitaji faneli. Kata chupa ya lita 1.5, geuza sehemu ya juu, weka ndani wavu wa matundu ya milimita 2 hadi 5, kisha viganja viwili vya udongo na majani. Chini weka kikombe chenye karatasi nyeusi yenye unyevu. Juu, sentimita 15, taa ya balbu ya zamani inayotoa joto. Taa za LED zinawaangusha watu wengi hapa: mwanga upo, joto halipo, udongo haukauki, hakuna anayeshuka. Msiisogeze karibu pia, maana udongo ukikauka haraka wanafia njiani. Baada ya siku 2 hadi 3 angalieni kwa lenzi ya mkono: chembe nyeupe kwenye karatasi nyeusi, ukiigusa inaruka.

Mtandazaji:
Tahadhari moja juu ya vikombe. Kikombe kinahesabu mwendo, si idadi. Kwenye majani mazito mbawakawa hutembea polepole, kwa hiyo C inaweza kunasa wachache kuliko A iliyo wazi ilhali ina wengi zaidi. Matokeo ya vikombe, mashimo na faneli yaandikwe kwenye jedwali tatu tofauti, msiyajumlishe.