Wakuu wa Perth, watoto wamealikwa Naturescape na mimi lile pori linanitisha. Ushauri tafadhali

MamaWawili
Habari zenu wakuu. Tuna miezi saba hapa Perth, Australia, tumetokea Morogoro. Mume wangu yuko migodini, wiki mbili kule na moja nyumbani, kwa hiyo mengi ya watoto naamua peke yangu. Mkubwa ana miaka 7, mdogo 4.

Mwanafunzi anayesoma na mkubwa amewaalika Jumamosi ya mwisho ya Oktoba hii, Naturescape, ndani ya bustani kubwa ya Kings Park. Nilidhani ni bembea na kuteleza kama uwanja wa mtaani kwetu. Jana nikapita kupaangalia: mawe, magogo, kijito, na pembeni ni pori lenyewe. Njiani nikakuta na kibao cha tahadhari ya nyoka.

Sisemi watoto wasiguse udongo. Mimi nimekulia Kilosa, tumeogelea mtoni na tumepanda miembe. Ila pori la kule nilikuwa nalijua. Upupu nautambua hata ukiwa umekauka, njia ya siafu naiona kabla hawajanipanda mguuni, na bibi alituonyesha vichuguu vya kutosogelea. Hapa sijui jina la mti hata mmoja. Mtoto akiokota tunda akaniuliza "mama, hili linaliwa?" sina jibu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kuliko hata nyoka.

Niwapeleke? Na nikiwapeleka nijiandae vipi?

PwaniMpakaPerth
Wapeleke dada. Wangu watatu wamekulia pale. Kings Park ni kama hekta 400 na theluthi mbili yake ni pori la asili, lakini Naturescape yenyewe ni sehemu yake iliyotengwa kwa ajili ya watoto, tangu 2011. Bembea hakuna, na ndivyo walivyokusudia: mtoto ajenge kibanda kwa matawi, avuke kwa kamba, aingie kwenye maji, achafuke. Kiingilio hakuna. Angalia tu tovuti yao siku moja kabla, kuna siku wanafunga.

Beba nguo mbili za kubadilisha kwa kila mtoto, na viatu vya kufunga ambavyo huvionei huruma vikilowa. Ndala hapana. Na wewe usikae kwenye mkeka na akina mama wengine. Huyo wa miaka 4 mfuate nyuma hatua kwa hatua, maji ni machache lakini mawe yake yanateleza.

Baba_K
Mimi nisingewapeleka, nasema ukweli wangu. Oktoba joto linaanza na nyoka wanatoka kuota jua. Mtoto wa miaka 4 haoni tofauti ya kijiti na nyoka. Subiri mwezi wa sita, kukiwa baridi.

NesiWaUsiku
Baba_K, hofu yako naielewa, lakini nyoka wa hapa hawakai porini tu. Dugite, yule wa kahawia ambaye ndiye wa kawaida Perth, anaingia hadi bustani za nyumba. Ukiwafungia watoto ndani hujawafundisha kitu. Ana sumu kali kweli, na bado nchi nzima wanaokufa kwa kuumwa na nyoka ni wastani wa kama wawili kwa mwaka, kwa sababu dawa ipo na watu wanajua la kufanya.

Mama Wawili, sikia hili vizuri mdogo wangu, maana tuliyofundishwa nyumbani ni tofauti. Usichanje. Usinyonye. Jiwe la nyoka na kufunga kamba ya kukata damu, sahau. Wala usioshe pale alipoumwa, kwa sababu sumu iliyobaki kwenye ngozi inawasaidia hospitali kujua ni nyoka gani. Chukua bendeji pana ya kuvutika, viringisha kuanzia alipoumwa, kisha mguu au mkono mzima, kwa mkazo kama wa kufunga kifundo kilichoteguka. Mlaze, asitembee hata hatua moja, piga 000, namba ya dharura ya hapa. Bendeji hizo zinauzwa duka lolote la dawa. Nunua mbili zikae kwenye mkoba wako siku zote.

Watoto waambie neno moja: ukimwona, simama, rudi nyuma taratibu, niite. Usiguse, usirushe jiwe. Na jioni wakague kupe nyuma ya masikio na kwapani.

Kiboko_WA
Kofia! Msidanganyane kwamba ngozi yetu haiungui. Jua la hapa ni kali kuliko linavyohisika, hata shuleni kwao bila kofia hakuna kucheza nje.

Kofia itawasaidia na kwa yule ndege anayeitwa magpie, mweusi na mweupe, utadhani kunguru wa Dar. Msimu huu analinda makinda, anashuka kichwani kwa kasi. Msikimbie. Mwangalieni usoni huku mkiondoka.

MamaWawili
Wakuu, tumerudi. Asanteni sana, na bendeji zilikuwepo mkobani muda wote, dada Nesi.

Nyoka hatukumwona. Mdogo aliteleza mara mbili akainuka mwenyewe. Mkubwa alijenga kibanda na wenzake watatu, na mama mmoja mzaliwa wa hapa alikuwa anawatajia miti. Ule wenye majani kama nyasi ndefu juu ya shina jeusi ni balga, ndivyo Wanoongar, wenye ardhi hii, wanavyouita. Yenye maua kama gunzi lililosimama ni banksia. Nikamwomba anirudilie na mimi, nikaandika kwenye simu. Sasa najua miwili.

Mkubwa amerudi na tunda gumu kama mti, umbo la chungu kidogo chenye shingo, linaenea kiganjani. Anataka kujua ni la mti gani. Kuna anayelijua?

PwaniMpakaPerth
Hiyo ni marri dada. Mwambie atazame gome, utaona utomvu mwekundu kama damu. Haliliwi, lakini kasuku weusi wanalipenda mno kwa mbegu zake. Mkienda tena mtafuteni lililotafunwa.