Canter inachemsha Kitonga tu, tatizo nini?

tingo_wa_uyole: Ugonile wakuu. Nina Canter nabebea viazi Uyole kwenda Dar. Kwenda sina shida nayo, shida kurudi, nikiwa na mabati nikianza tu kupanda mlima Kitonga pale Iringa geji ya joto inakimbilia kwenye nyekundu, maji yanamwagika yote kwenye kitenki cha pembeni. Nikifika Ilula inatulia kama sio yenyewe. Fundi katoa themostati (kile kidude kinachozuia maji mpaka injini ipate joto), kaosha rejeta inayopoza maji, laki na nusu imeenda, juzi imepasua mpira wa juu wa rejeta na mpira ni mpya kabisa. Nisaidieni kabla sijaiuza kwa hasira

Kibaridi: Umecheki mfuniko wa rejeta? Watu wanaona kifuniko tu kumbe kina springi na raba, kinabana presha. Mingi imeandikwa 0.9 (presha kwa bar), maji yakibanwa hivyo hayachemki kwenye nyuzi 100 yanaenda hadi karibu 118. Na huku kwetu juu ndo balaa, Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi, maji yanachemka kwenye 94, ndo maana maharage yanamaliza mkaa 😂 Raba ikifa unatembelea hiyo 94. Ila usinunue wa namba kubwa zaidi, utapasua rejeta

fundi mafinga: Kamwene. Someni vizuri jamani, mpira MPYA umepasuka. Mfuniko unaovujisha haupasui mpira. Hapo presha inatoka kwenye injini, gasketi ya hedi hiyo, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini. Dizeli ikiwaka ndani ya silinda presha inapita hata mara hamsini ya hiyo 0.9, ikipata kaupenyo gesi inaingia njia ya maji, inayasukuma nje, hedi inabaki kavu, inapata moto, inapinda, upenyo unazidi. Tambarare injini haijakazwa ndo maana inakudanganya. Asubuhi ikiwa ya baridi kabisa fungua mfuniko jaza maji, washa, ukiona mapovu mfululizo na ukikanyaga mafuta yanazidi, ndo yenyewe. Kisha funga, shika mpira wa juu, ukiwa mgumu ndani ya dakika moja na maji bado baridi usipoteze muda. Na themostati rudisha bana, Makambako alfajiri injini haipati joto lake, dizeli unamwaga tu

Kibaridi: Hapo kwenye mpira mpya sikusoma vizuri, kweli

Baba Neema: Baridi KABISA lakini, msikie. Utingo wangu alifungua ya moto na tambara, ukiachia presha yale maji yanageuka mvuke hapo hapo. Mkono una kovu mpaka leo

tingo_wa_uyole: Nimefanya leo asubuhi, mapovu kama soda na mpira umekuwa jiwe. Fundi anasema abadili gasketi tu, hedi asiipeleke kuskimu (kusawazishwa uso kwa mashine), nikubali?

fundi mafinga: Usikubali. Kwanza aweke rula iliyonyooka juu ya hedi tuone imepinda kiasi gani, na wapime kama ina ufa. Ukifunga gasketi mpya kwenye hedi iliyopinda, safari ijayo uko Kitonga tena na madumu ya maji

tingo_wa_uyole: Sawa mkuu. Sasa hiyo laki na nusu ya themostati namdai nani