Msaada: kifaa cha kuchonga njia ya kii ndani ya puli kwenye mashine ya kukereza

Mkerezaji_Ifakara
Wakuu salaam. Nina karakana ndogo Ifakara, kazi kubwa ni mashine za kukoboa mpunga. Nina mashine ya kukereza na ya kuchomelea, shepa (mashine ya kuchonga kwa kisu kinachokwenda na kurudi) sina. Puli naikereza vizuri, ila kwenye kuchonga njia ya kii, kile kipande cha chuma kinachofunga puli kwenye shafti, ndani ya tundu nakwama. Naipeleka Morogoro, siku mbili zinapotea, na msimu wa mavuno mteja hana siku mbili.

Mwezi uliopita nilichonga moja kwa tupa. Njia ikatoka pana mdomoni, nyembamba ndani. Kii ikaanza kugonga, siku ya tatu ikala puli na shafti pamoja. Shafti nimeilipa mimi, na ni haki yake mteja.

Nimejaribu pia kufunga kisu kwenye kereji, sehemu ya mashine inayotembea na kisu, na kusukuma kwa usukani wake. Kinakata, lakini meno ya chini yanalia. Nataka kuunda kifaa chenye mkono. Shafti ni milimita 35. Nianzie wapi?

Chuma_Chakavu
Mkuu, acha usukani leo hii. Yale meno yametengenezwa kusogeza kereji, si kupigana na chuma. Yakikatika, kukereza nako kumekwisha.

BabaKarakana
Mdogo wangu, nilikiunda hicho kifaa na bado kinafanya kazi. Toa kile kitelezi kidogo cha juu kinachoshika kisu, hapo hapo funga bamba nene. Juu ya bamba weka fimbo mbili za shokapu za gari, zile ngumu zinazong'aa, sambamba kabisa. Kizuizi kinachobeba kisu kiteleze juu yake kwa bushi za shaba. Bushi utazikereza mwenyewe, ndiyo maana nakushauri fimbo: reli za pembe bila mashine ya milingi ya kuzichonga zitakutesa.

Mkono uwe wa milimita 600, na kiungo kinachovuta kizuizi kiwe milimita 100 kutoka kwenye egemeo. Ukisukuma kwa uzito wa kilo 20, kisu kinapata 120. Kina unakiongeza kwa kitelezi cha kukatiza, kereji umeifunga isisogee.

Mkerezaji_Ifakara
Shikamoo mzee. Chaki, ile inayoshika puli, naizuiaje isizunguke? Nikiweka gia inacheza kidogo.

BabaKarakana
Marahaba. Usitegemee gia, huo mchezo mdogo ndio unaopindisha njia. Kata kabari ya mbao ngumu, ibane kati ya taya ya chaki na kitanda cha mashine. Na chomoa umeme ukutani! Mtu akigusa swichi na kabari iko pale, kuna atakayeumia.

Dada_Venia
Kaka, kwa shafti ya 35 kii ni upana wa 10 na kimo cha 8. Kwenye shafti unazama 5, kwenye puli 3.3. Kwa hiyo kutoka sakafu ya njia hadi ukuta wa pili wa tundu venia (kipimo chako cha taya) isome 38.3.

Usianze na kisu cha 10, kitatetemeka. Tangulia na cha 6 katikati, kisha cha 10 kimalizie. Kisu kiwe cha haispidi, chuma kigumu cha visu vya mashine, ncha iwe kwenye usawa wa kitovu cha mashine, na kila safari usizidishe sehemu 5 za mia ya milimita. Ni safari sitini na kitu kwa kila kisu. Kila baada ya kumi, piga mbili tatu bila kuongeza kina, maana fimbo ya kisu inajipinda na mwisho wa tundu unabaki juu. Puli ya chuma cha kalibu (cha kumimina) ikate kavu. Ya chuma cha kawaida itie mafuta.

Mkerezaji_Ifakara
Nimerudi, wakuu. Fimbo nilizipata kwenye shokapu za Hiace iliyokufa. Puli ya kwanza imesoma 38.4 mdomoni na 38.3 ndani. Kii imeingia kwa kugongwa taratibu na nyundo ya shaba, haichezi. Mteja ameichukua jioni hii.

Dada_Venia
Hiyo 38.4 ni bushi ya mbele. Ipunguzie uwazi kabla ya puli inayofuata.