Gari la yadi: IST namba D au X-Trail iliyotoka Japani? Tulinganishe upande wa matengenezo

Mkazi wa Tegeta
Habari zenu. Katika yadi moja hapa Dar es Salaam nimebakiwa na machaguo mawili: Toyota IST ya toleo la kwanza, namba D (yaani imeshasajiliwa hapa nchini, herufi za namba yake zikianza na D), na Nissan X-Trail T31 iliyoshushwa bandarini karibuni, ambayo bado haijasajiliwa. Bei nimezielewa, wasiwasi wangu ni sevisi, maana muuzaji anadai yote mawili yamefanyiwa kila kitu, ilhali hana hata risiti moja. Ninyi mngeangalia nini?

Fundi Gerezani
Ndugu, anza na giaboksi, kwa sababu ndiyo itakayokumaliza pesa. IST hiyo ina giaboksi ya kawaida ya gia nne ambayo mafundi wengi wanaimudu, na injini yake hutumia cheni ya taimingi, si mkanda. X-Trail T31 za petroli zenye otomatiki zina CVT (giaboksi isiyo na gia za hatua) inayotaka mafuta yake maalumu ya NS-2, na ikiwa kuna mtu aliwahi kuijaza ATF, yaani mafuta ya giaboksi za otomatiki za kawaida, kwa kukwepa gharama, inaweza kuwa imeshaanza kufa hata kama leo inakwenda vizuri. Dakika tano za kuzunguka yadi hazionyeshi kitu. Gari lipate moto kabisa, lipande kilima, nawe usikilize kama linavuma au linasita.

Mama Junior
Nakubaliana na fundi kuhusu CVT, ila gari lililokaa mjini hapa miaka mingi nalo lina yake. Asubuhi, kabla injini haijawashwa, fungua mfuniko wa rejeta: ukikuta maji ya rangi ya kutu badala ya kulanti, ujue lilikuwa likinyweshwa maji ya bomba, na huenda thamostati (kidhibiti joto la injini) iling'olewa zamani, kwa kuwa baadhi ya mafundi wetu hiyo ndiyo dawa yao kila gari linapochemsha. Kwenye X-Trail, tafuta stika ya kubadilishia oili kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti, kisha ulinganishe kilomita zake na za dashibodi. Kijapani hakikuzuii kusoma tarakimu. Mwaka ukiandikwa 28, hiyo ni Heisei 28 kwa kalenda ya Kijapani, yaani 2016.

Sefu wa Mbagala
Kwa X-Trail, omba pia karatasi ya mnada wa Japani, ile inayoeleza hali ya gari. Alama ya R humaanisha gari liliwahi kugongwa likatengenezwa. Na wakikuahidi dhamana, iandikwe kwenye mkataba wa mauziano: inahusu injini na giaboksi kwa muda gani, na nani atalipia spea na ufundi.

Mkazi wa Tegeta
Asanteni sana. Wamekubali IST ipelekwe kwa fundi nitakayemchagua, lakini X-Trail wanasema haitoki getini kwa kuwa haina namba wala bima.

Fundi Gerezani
Hapo wana hoja, kwa hiyo la kilima tuliache. Mpeleke fundi yadini na mashine ya kupimia, asome hitilafu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya giaboksi, na injini iachwe ingurume mpaka feni iwake yenyewe. Wakikataa na hilo, chukua IST, ila utenge kabisa pesa za bushi, shokabu na thamostati mpya.