Mume yuko Chunya, mimi nahesabiwa nina mume

Mama_Viazi:
Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Naomba mawazo yenu.

Niko Rungwe, mke wa ndoa, ya kanisani kabisa, cheti kiko sandukuni. Mwenzangu alienda machimbo Chunya mwaka 2021. Mwanzoni alikuwa anatuma hela, baadaye akawa anatuma kwa msimu, sasa hata simu haipatikani. Watoto wanne. Nakula kwa kibarua cha kuchimba viazi huku Uporoto, na mnalijua lumbesa: unajaza gunia na nusu, unalipwa gunia.

Mkutano wa kijiji ulipotaja majina ya hela za serikali za kaya maskini, langu lilitajwa. Mzee mmoja akanyanyuka: "Huyo ana mume, tena yuko kwenye dhahabu." Watu wakacheka, wakaenda jina linalofuata. Jirani yangu hajaolewa, ana watoto wawili na ng'ombe wa maziwa, akaandikwa. Simwonei kijicho, maziwa yenyewe ananigawia. Ila huyo mume wanayemhesabu kwangu, mbona sufuria halimjui?

Nimeshashauriwa niseme amekufa. Msicheke.

Kijana_wa_Kyela:
Dada, nenda mahakamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 63, inasema mume ana wajibu wa kumtunza mkewe. Anzia ustawi wa jamii wilayani.

BiMdogo_Mbarali:
Pole mwenzangu. Sisi wake wawili tuliandikwa kaya moja, kwa jina la bi mkubwa, wakati nyumba mbili na majiko mawili. Mume analala huku, hela zinalala kule. Nikiuliza naambiwa nina tamaa.

Mstaafu_Kilolo:
Binti, nilikuwa mwenyekiti wa kitongoji. Mkutano unapendekeza tu. Baadaye wanapita na dodoso: mnaishi wangapi, nyumba imeezekwa kwa nini, mnakula mara ngapi kwa siku. Kisha majina yanarudi mkutanoni, na hapo ndipo pa kunyoosha mkono. Nakiri, enzi zangu mwanamke akiwa na pete tulikuwa tunamruka bila kuuliza pete hiyo inaleta unga kilo ngapi. Usiseme amekufa, itakugeukia. Mwombe balozi wa nyumba kumi akuandikie kwamba huyo bwana haishi hapo tangu mwaka fulani, mtendaji wa kijiji agonge muhuri.

Kijana_wa_Kyela:
Au ingia kikundi. Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa vikundi, 4 ni ya wanawake.

Mama_Viazi:
Huo ni mkopo, mdogo wangu, unarudishwa. Nirudishe kwa viazi vya nani? Na mahakamani nikamshtaki nani, Chunya mashimo yako mangapi?

Bi Mdogo, yako nimeisoma mara mbili.

Mzee wangu wa Kilolo, ndaga fijo, asante sana. Ya balozi nimeielewa, shida balozi wetu ni shemeji yangu, kaka yake huyohuyo bwana. Na siku ya mkutano alikuwepo, hakufungua mdomo. Kesho namuwahi kabla hajaenda shamba, na cheti nakwenda nacho.