Mjadala: Je, mazoezi ya masharti katika Python yaanzie kwenye karatasi au kwenye kompyuta?

Mleta mada, mwalimu wa sekondari, Lubumbashi

Ndugu walimu na wanafunzi, ninaleta swali linalotugawa sisi tunaofundisha kompyuta hapa mjini. Mwanafunzi anayeanza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, anapofika kwenye masharti, yaani if (kama), elif (la sivyo, kama) na else (vinginevyo), je, akae mbele ya mashine siku hiyohiyo, au kwanza aandike kwenye karatasi ni hali zipi zinazoweza kutokea na ni jibu gani linalotakiwa kwa kila hali? Wenzangu wengi wanaona kwamba karatasi ni kupoteza muda. Mimi ninashikilia kwamba karatasi itangulie, na ningesema hivyo hata kama kila mtoto wa mtaa wetu wa Katuba angekuwa na kompyuta yake na umeme usiokatika.

Ugumu wa masharti haumo katika kuandika, umo katika kuamua. Chukueni zoezi la madaraja ya chuo kikuu kwa mfumo wa zamani tuliouzoea: chini ya asilimia 50 mtu ameshindwa, kuanzia 50 ni satisfaksio, kuanzia 70 ni distinksio, kuanzia 80 ni distinksio kubwa. Mwanafunzi aliyekimbilia kiibodi huandika mara nyingi hivi:

    if alama >= 50:
        print("satisfaksio")
    elif alama >= 70:
        print("distinksio")
    elif alama >= 80:
        print("distinksio kubwa")
    else:
        print("ameshindwa")

Programu hii inakwenda bila hitilafu yoyote. Mwanafunzi anaijaribu kwa 55 na kupata satisfaksio, anaijaribu kwa 40 na kuambiwa ameshindwa, kisha anafunga akiwa ameridhika. Hajui kwamba mwenye 85 naye atapewa satisfaksio, kwa kuwa Python husoma masharti kutoka juu kwenda chini na kushika la kwanza lililo kweli, na yanayofuata haiyaangalii tena. Mashine haikumwonya, maana haiwezi kujua alichokusudia. Kama angetangulia kuchora jedwali la safu mbili, alama upande mmoja na jibu upande wa pili, akaandika 49, 50, 69, 70, 79 na 80, namba hizo za mpakani zingemwonyesha kosa mara tu anapoanza kuzipitisha, na pia zingemlazimisha kuchagua kwa makusudi kati ya “zaidi ya” na “kuanzia”, yaani kati ya > na >=, jambo ambalo wengi hulifanya kwa kubahatisha.

Mchangiaji wa Bukavu, mkufunzi wa vijana

Mwalimu, ninaiheshimu hoja yako, lakini ninaogopa matokeo yake. Katika shule nyingi za huku kwetu somo la kompyuta limefundishwa ubaoni: watoto wanachora skrini na kiibodi daftarini, wanakariri majina ya sehemu zake, wanafaulu mtihani, na hawajabonyeza hata kitufe kimoja. Siku tutakapotangaza kwamba karatasi ndiyo njia bora, kila anayesita kununua mashine atakuwa amepata sababu ya kutonunua. Tumepigania sana watoto hawa waguse kompyuta, na sitaki turudi nyuma.

Isitoshe, yapo mambo ambayo karatasi haiwezi kuyafundisha. Tangu Guido van Rossum wa Uholanzi alipotoa toleo la kwanza mwaka 1991, nafasi za mwanzo wa mstari katika Python ni sehemu ya sarufi yenyewe wala si pambo, na mwandiko wa mkono hauonyeshi kama nafasi hizo ni nne au tatu. Mwanafunzi akiandika alama moja ya = mahali pa mbili (==), zinazouliza kama vitu viwili ni sawa, ndani ya sharti, Python inakataa papo hapo. Akiuliza umri kwa input, amri inayompa mtumiaji nafasi ya kuandika jibu, kisha akaulinganisha na 18 kwa >=, programu inasimama, kwa kuwa kinachorudishwa na input ni maandishi, hata kama mtumiaji ameandika tarakimu, na maandishi hayapimwi ukubwa na namba. Mtoto akiliona hilo kwa macho yake halisahau. Kwenye daftari sharti hilo lingeonekana sahihi kabisa, na mwalimu mwenyewe angeweza kulipitisha.

Mchangiaji wa Goma, mwanafunzi wa chuo kikuu

Jambo Mwalimu, jambo ndugu wa Bukavu. Ninaleta mfano wa kwetu, kwa sababu nadhani unawagusa nyote wawili.

Watu wa Goma wanazijua rangi nne za tahadhari ya volkano ya Nyiragongo: kijani, njano, chungwa na nyekundu. Ni zoezi zuri la elif: programu inapokea rangi na kueleza la kufanya. Sisi tulioukimbia mji volkano hiyo ilipolipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021 hatuwezi kulichukua zoezi hilo kama mchezo. Sasa tazameni sharti hili, ambalo wanaoanza huliandika kila mwaka:

    if rangi == "nyekundu" or "chungwa":
        print("Jiandae kuondoka")

Ukilisoma kwa sauti, or ikiwa ni “au”, linasikika sawa. Lakini Python hulichukua neno "chungwa" peke yake kama sharti la pili, na maandishi yasiyo tupu huhesabiwa kuwa kweli, kwa hiyo hata rangi ikiwa kijani mji mzima utaambiwa ujiandae. Inatakiwa kurudia rangi == kwa kila upande. Kwa macho tu kwenye karatasi ni vigumu kulinasa kosa hili, kwa sababu binadamu husoma alichokusudia. Hapo ndugu wa Bukavu ana haki.

Hata hivyo, kuna else. Mtu akiandika "Nyekundu" kwa herufi kubwa, kwa Python hilo ni neno jingine, halilingani na rangi yoyote kati ya nne, na linaangukia kwenye else. Nimeona programu nyingi za wanafunzi ambamo else inasema "Hakuna hatari". Kwa hiyo anayetangaza hatari kubwa kuliko zote anajibiwa kwamba kuko salama! Hakuna mashine iliyolalamika, wala haingelalamika. Ninaona kila else ielezwe kwa sentensi kamili kabla ya kuandikwa: ni nani wote wanaobaki hapa, na je, wanastahili jibu hili?

Mzazi, Lubumbashi

Ninaomba tu kwamba, mkishakubaliana, mtihani ufuate. Mtoto wangu alinyimwa alama kwa kusahau nukta mbili mwishoni mwa mstari wa if, kosa ambalo kompyuta ingemwonyesha mara moja, huku masharti yake yote yakiwa sahihi.

Mleta mada

Mama au Baba mzazi, ninakubaliana nawe: nukta mbili tuiachie mashine isahihishe, nasi tupime mawazo.

Ndugu wa Bukavu, hofu yako ni ya kweli, nami nisingependa maneno yangu yatumike hivyo. Lakini siombi wanafunzi waandike programu daftarini. Ninaomba waandike hali na majibu, kisha walipitishe jedwali lote kwenye mashine, mstari kwa mstari, bila kuruka hata mmoja. Mwanafunzi wa Goma ametuonyesha kosa la or ambalo jedwali la rangi nne, likipitishwa lote, lingelifichua kwenye mstari wa kijani. Ametuonyesha pia herufi kubwa, na hapo ninauliza: ni nani aliyeifikiria "Nyekundu"? Ni mtu aliyekaa akatafakari watumiaji wake. Mashine humjibu kila anayeuliza, ila yenyewe haiulizi.

Mchangiaji wa Bukavu

Basi ninakubali jedwali kwa masharti mawili. Lisichukue zaidi ya robo ya kipindi, na pasiwe na shule itakayofundisha jedwali bila mashine ya kulipitishia, hata kama ni simu moja ya Android kwa wanafunzi watano, maana Python inaendeshwa kwenye simu pia na haihitaji intaneti ikishawekwa. Shule isiyo na hata simu hiyo, mimi bado ninasema isubiri. Ninajua Mwalimu hatakubali.

Mleta mada

Sikubali. Waanze na jedwali wakati simu inatafutwa.