Maana ya wimbo wa roki: ni ya mtunzi au ya msikilizaji?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naleta hoja iliyonikaa kichwani muda mrefu. Ukitajwa wimbo mgumu wa roki, mabishano huishia palepale. Mmoja atasema mtunzi alishaeleza, funga mada. Mwingine atajibu kwamba yeye anausikia hivi na hakuna wa kumpangia. Mimi sikubaliani na yeyote kati yao. Msimamo wangu ni kwamba maneno ya mtunzi ni ushahidi mzito, lakini ushahidi si hukumu. Hukumu iko kwenye wimbo wenyewe, mzima, beti zote pamoja na mlio wake.

Chukueni "Born in the U.S.A." wa mwanamuziki wa Marekani Bruce Springsteen, wa mwaka 1984. Kiitikio ni mtu anayetangaza alikozaliwa kwa sauti ya kupasua koo, kinanda kinarudia mlio uleule wa shangwe, ngoma zinadunda kama za gwaride. Ukiishia hapo utaapa kwamba ni wimbo wa kujivunia taifa. Septemba mwaka huohuo, Rais Ronald Reagan wa Marekani alikuwa kwenye kampeni huko Hammonton, New Jersey, akamtaja Springsteen jukwaani kama mtu ambaye nyimbo zake zinabeba ujumbe wa matumaini.

Sasa shukeni kwenye beti. Kijana wa mji uliojifia anaingia matatani kidogo, anakabidhiwa bunduki na kupelekwa vitani nchi ya mbali. Anarudi na kuomba kazi kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta, bosi anamzungusha. Anakwenda kwa afisa anayeshughulikia askari waliotoka vitani, naye hana la kumpa. Ndugu yake alipigana Khe Sanh, huko Vietnam, na hakurudi. Alikuwa na mpenzi Saigon, na kilichobaki ni picha moja, yuko mikononi mwa mwanamke huyo. Wimbo unaisha msimulizi akiwa karibu na gereza, miaka kumi imepita na hana pa kukimbilia. Hayo yote yanasemwa waziwazi. Hakuna fumbo. Yamefichwa na ngoma tu.

Na ndiyo maana nasema mlio nao ni sehemu ya maana. Springsteen aliurekodi wimbo huu kwanza mwaka 1982, yeye na gitaa lake tu, na rekodi hiyo ikatolewa 1998. Maneno ni karibu yaleyale, lakini huwezi kuichanganya na gwaride hata dakika moja. Ni mtu aliyechoka anaongea gizani. Sasa niambieni: hapo maana ipo wapi? Kwenye karatasi, kwenye ngoma, au kichwani mwa Springsteen?

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, heshima yako, ila umeizunguka hoja. Mfano wako wenyewe unanipa ushindi mimi. Reagan alikosea kwa sababu hakumsikiliza mtunzi. Mwenye nyumba ndiye ajuaye paa linavuja wapi.

Angalia yaliyompata John Lennon wa bendi ya Beatles. Mwaka 1967 Beatles walitoa "Lucy in the Sky with Diamonds". Watu wakachukua herufi za mwanzo za maneno makuu ya jina hilo, wakapata LSD, jina la dawa ya kulevya, wakatangaza kwamba wimbo unaisifia. Lennon alieleza mara nyingi kwamba mwanawe Julian, mtoto mdogo, alirudi na mchoro aliouchora shuleni, akasema ni rafiki yake Lucy yuko angani na almasi. Msichana huyo alikuwepo kweli, walisoma pamoja. Lennon alishikilia maelezo hayo hadi mwaka aliouawa, 1980. Unataka nini zaidi? Mtu anakwambia alichokiandika, wewe unamjibu kwamba hajui?

Tukimwondoa mtunzi, kila mtu atavuta kwake na hakuna wa kumzuia.

Mchangiaji wa pili

Namuunga mkono aliyetangulia, na nitaongea kwa uchungu kwa sababu jambo hili limenigusa.

Nikiwa na miaka 15, kiongozi mmoja wa dini alitukusanya vijana, akatuchezea kanda ya roki kinyumenyume ili tusikie ujumbe uliofichwa. Mara ya kwanza tulisikia mkoromo tu. Kisha akatuambia sentensi tunayopaswa kuisikia, akarudisha kanda, akacheza tena. Sote tukaisikia, neno kwa neno! Nilirudi nyumbani nikatupa kanda zangu zote, zikiwemo mbili alizoniachia kaka yangu. Hadi leo zinaniuma. Sikujua kwamba sikio likishaelekezwa la kusikia, hulisikia hata pasipo na kitu.

Jambo hilohilo lilifika mahakamani. Reno, Nevada, mwaka 1990, bendi ya Judas Priest ilishitakiwa na familia za vijana wawili. Mwaka 1985 vijana hao walijaribu kujitoa uhai, mmoja akafariki siku ileile, mwingine baada ya miaka mitatu. Familia zilidai kwamba ndani ya wimbo "Better by You, Better than Me" kuna amri iliyofichwa inayosema "fanya". Naziheshimu familia zile, msiba hutafuta sababu. Lakini wimbo wenyewe hata hawakuutunga wao, ulitungwa na Gary Wright na kuimbwa kwanza na bendi ya Spooky Tooth. Mwimbaji Rob Halford akaenda mahakamani na kanda ya nyimbo zao zikichezwa kinyume. Mojawapo, ukiitegea sikio, unasikia mtu anamwambia mama yake kwamba kiti chake kimevunjika! Jaji akaona kwamba ile sauti iliyolalamikiwa ilitokana na pumzi ya mwimbaji kukutana na mlio wa gitaa. Kesi ikaanguka.

Na msidhani ni vijana na wazazi tu. Mwaka 1963 bendi ya The Kingsmen ilirekodi "Louie Louie", mwimbaji akipaaza sauti kuelekea kipaza sauti kilichokuwa juu ya kichwa chake, maneno hayashikiki. Zikaanza kusambaa karatasi za mashairi ya matusi, kila mtu na yake. Wapelelezi wa Marekani, FBI, wakaingia kazini mwaka 1964, wakaicheza sahani kwa mwendo wa kasi na wa polepole, wakahitimisha kwamba haieleweki kwa mwendo wowote. Mashairi halisi ya Richard Berry ni ya baharia anayemsimulia mhudumu wa baa jinsi anavyomkumbuka mpenzi wake aliyeko Jamaica. Basi.

Kwa hiyo mleta mada, hii biashara ya "maana fiche" ina gharama, na wanaoilipa si wachambuzi.

Mchangiaji wa tatu

Kaka zangu, naona mnaongelea mahakama na marais. Mimi naleta harusi.

Dada yangu alipoolewa, mimi ndiye niliyechagua wimbo wa maharusi kucheza: "Every Breath You Take" wa bendi ya The Police, wa 1983. Gitaa lile linatembea taratibu, sauti tamu, ukumbi mzima ulitulia. Miaka baadaye nilikaa na mashairi yake kwenye karatasi, nikaganda. Anayeimba anahesabu nyendo za mwenzake mchana na usiku, na anadai kwamba yule mtu ni mali yake. Mwenzake hajibu popote. Hatujui hata kama anajua kwamba anatazamwa. Angekuwa jirani yangu ningemshauri yule mwanamke akatoe taarifa polisi.

Ila sikilizeni hili. Sting, mwimbaji wa bendi hiyo aliyeutunga, amesema mwenyewe kwamba wakati anauandika hakutambua jinsi ulivyo wa kutisha. Sasa wewe mchangiaji wa kwanza, mwenye nyumba huyo alijua paa linavuja?

Na bado dada na shemeji wanaucheza kila mwaka siku ya ndoa yao. Nilimweleza dada nilichokiona, akaniambia, "Huo ni wa kwako, wa kwangu ni ule wa ukumbini." Sina la kumjibu, na sitaki kumjibu.

Mleta mada

Nimefurahi kuwasoma. Nianze na mchangiaji wa tatu, maana amenigusa. Nadhani tutenganishe vitu viwili: wimbo unasema nini, na watu wameutumia kwa nini. Dada yako hajakosea chochote. Wimbo umekuwa ukumbusho wa siku yake, na hilo halinyang'anyiki. Lakini kama mtu angeniuliza maneno yale yanasema nini, nisingemjibu kwa picha za harusi. Yule anayetazama bado yumo ndani, hata ukumbi ukitulia namna gani.

Mchangiaji wa pili, pole kwa kanda zako, hasa zile za kaka. Hayo uliyoyaeleza siyaiti kutafsiri. Kucheza kanda kinyume ni kuukimbia wimbo. Mtu hakusoma beti hata moja, ameokota mlio. Mimi natetea kazi iliyo kinyume kabisa na hiyo: kusoma kila mstari ulioimbwa, kwa mpangilio ulioimbwa, na kuuliza anayeongea ni nani na anaongea na nani.

Sasa mchangiaji wa kwanza. Lennon unayemfanya hakimu ndiye mtunzi aliyefurahia kuwapoteza watu njia. Mwaka 1967 alipata habari kwamba mwalimu wa shule aliyosoma, Quarry Bank kule Liverpool, anawapa wanafunzi mashairi ya Beatles wayachambue. Akaandika "I Am the Walrus" na kuijaza mistari isiyoshikika kusudi wachambuzi wahangaike. Mwaka uliofuata, kwenye "Glass Onion", akawarushia vidokezo vya kupotosha kuhusu nyimbo zao wenyewe. Na kuhusu Lucy: jina la mtunzi kwenye sahani ni Lennon na McCartney, na mwaka 2004 Paul McCartney, mwenzake kwenye Beatles, alisema kwamba athari ya dawa kwenye wimbo ule iko wazi. Wenye nyumba wawili, maelezo mawili. Mimi naamini mchoro wa mtoto ulikuwepo na ndio uliozaa jina, lakini mchoro hauelezi beti zote zile. Hapo lazima turudi kwenye wimbo, hatuna pengine.

Nikuulize moja. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen na mzaliwa wa Zanzibar, aliandika "Bohemian Rhapsody" mwaka 1975. Kuna kijana anamkiri mama yake kwamba ameua mtu, kuna makundi mawili yanagombania aachiwe au asiachiwe, kuna "Bismillahi" katikati. Hadi anafariki 1991 hakuueleza. Kwa kanuni yako, wimbo ule hauna maana?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, kwa Lennon nimekubali, kwa Sting pia. Kwa Freddie sitakujibu sasa hivi. Nimeusikia maisha yangu yote na nimegundua sijawahi kujiuliza kwa nini aliyeua anamuaga mama kabla hata hajakamatwa. Leo usiku nausikiliza toka mwanzo, bila kusoma maelezo ya mtu yeyote. Nitarudi.